Mkalimani wa Punda Mwenye Garimoshi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kofia ya yule punda ilipotelea pangoni. Naanza na kofia, ingawa nakusudia kumwandika mtu, kwa sababu mtu mwenyewe nilimjua zaidi kupitia filamu moja fupi ya vikaragosi, na sioni njia nyingine ya kumfikia. Watu wa Kisarawe na wa Visiga walimwita Mkalimani. Alizunguka na gari la sinema la serikali, akasimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti mkononi, akatueleza kwa Kiswahili yale tuliyokuwa tukiyatazama. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Yeye mwenyewe hakulitumia sana.

Mambo mawili juu yake yamenisumbua tangu niliporudi kutoka masomoni ng'ambo, nikiwa nimeiacha tasnifu yangu katikati. La kwanza ni kwa nini, kila filamu ile ilipofika mahali fulani, aliingia mbele ya taa akaizuia kwa mwili wake. La pili ni kwa nini siku tuliyomzika baba yangu, yeye aliyekuwa mtani wake, hakutania. Nilidhani ni maswali mawili.

Filamu yenyewe ilikuwa kongwe hata wakati ule. Haikuwa na maneno, ila muziki uliokwaruza kama kisu juu ya bati. Punda aliyevaa kofia ya dereva aliendesha garimoshi, na katika ulimwengu wake hakukuwa na kitu kisicho hai. Garimoshi lilipopanda mlima lilishika magoti kama mzee anayepanda ngazi. Lilipochoka lilitoa ulimi, likatokwa na jasho. Daraja liliposikia uzito unakuja, lilijikunja likakimbia, na garimoshi likabaki hewani kwa muda, likitazama chini, likifikiri, kabla ya kukumbuka kwamba lilipaswa kuanguka. Mwezi ulipiga miayo. Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhai wa vitu, na sijaona kilichonishawishi kama lile garimoshi lililofikiri.

Kasoro zake nilizijua pia, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuhesabu kasoro. Mti mmoja ulipita dirishani mara nyingi mno, uleule, wenye tawi lililovunjika upande wa kushoto, kana kwamba punda alikuwa akizunguka uwanja mmoja huku akidai anakwenda safari. Punda alikuwa na vidole, jambo ambalo ningeweza kulisamehe, lakini idadi yake ilibadilika. Mwisho haukuwa mwisho: garimoshi lilirudi lilikoanzia, punda akapiga kengele, giza. Na katikati kulikuwa na kasoro kubwa kuliko zote. Garimoshi liliingia pangoni punda akiwa na kofia, likatoka punda akiwa kichwa wazi, anakimbia mbio bila sababu yoyote. Sikuzielewa mbio hizo. Nilijieleza kwamba pango lilikuwa na upepo.

Pango lilikuwa Mkalimani. Ilipofika hapo aliacha nafasi yake, akaingia mbele ya taa, na kivuli chake kikafunika shuka zima. "Pango! Pango!" alipiga kelele. "Fumbeni macho, moshi utawaingia!" Sisi tulifumba, kisha tukafumbua kidogo, kwa sababu kivuli kile kilikuwa kikicheza. Kilirusha mikono na kuinua kanzu kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Tulicheka mpaka tukaumwa na mbavu. Naomba msomaji akumbuke kicheko hicho, maana nitakirudia.

Mkalimani mwenyewe hakucheka. Sura yake ilikuwa ya mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Alipenda usafi wa kupita kiasi: kanzu iliyonyooshwa, kofia ya kazi ya mkono, manukato yaliyomtangulia kufika. Kabla ya kuanza alisema daima maneno yaleyale, "Nyinyi leteni macho, masikio nitawapa mimi," na ole wake aliyezungumza baada ya hapo. Punda alimpa jina, Bwana Makaa, na sauti ya puani, yenye kiburi na malalamiko, ya mtumishi wa reli ambaye treni yake imechelewa na anataka abiria ndio waombe radhi. Kila onyesho maneno yalikuwa mapya. Mara Bwana Makaa alilalamikia kodi ya kichwa, akiuliza kama mwenye masikio marefu hutozwa zaidi. Mara alimgombeza mkewe, asiyeonekana popote katika filamu. Nilipokuwa shule ya bweni Kisarawe tuliibishania sauti ile bwenini, tukaiga, tukaadhibiwa kwa kuiga.

Lakini mtu huyuhuyu aliogopa garimoshi. Alikuwa radhi kuendesha baiskeli kutoka Kisarawe hadi Soga juani, kupitia mchanga wa mashamba ya mkonge, kuliko kupanda behewa. Ukimuuliza, alijibu, "Mimi naijua tabia yake. Likifika darajani linaanza kufikiri."

Na mtu huyuhuyu, nyumbani, alikuwa bubu. Mkewe alimweleza mama yangu hivyo mbele yake, huku akichambua mchele.

"Sauti yote anaimwaga kule kwenye shuka, shoga. Mimi naletewa koo tupu."

Mkalimani alikuwa amekaa hapohapo barazani. Hakukana.

Sitaki kumpamba. Filamu za serikali alizikalimani kwa uvivu ulio wazi. Bwana wa afya angeonyeshwa akieleza jambo refu kuhusu maji yaliyotuama, midomo yake ikienda na kurudi, na Mkalimani angesema tu, "Anasema maji yachemshwe," kisha akanyamaza mpaka midomo ile ichoke. Alikuwa na upendeleo: wazee wa Kisarawe waliwekewa viti, wa Mlandizi walikaa chini. Alisema uongo mdogomdogo bila haja. Aliwahi kutuambia kwamba Bwana Makaa ni punda wa kweli, yuko hai, na amestaafu.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, nyapara wa vibarua katika shamba moja la mkonge upande wa Soga, na Mkalimani alikuwa Mzaramo. Hilo lilitosha. Tangu enzi za misafara ya pembe, watu wa makabila hayo mawili wametukanana kwa haki na kwa furaha, na hakuna anayekasirika, maana mwenye kukasirika amejitoa mwenyewe. Wawili hawa waliufanya utani huo kazi ya pili. Nakumbuka jioni moja Visiga, kabla filamu ya punda haijaletwa, ilipoonyeshwa filamu ya kuchimba vyoo.

"Hiki mnachokiona kinaitwa choo," alisema Mkalimani kwenye kipaza sauti. "Wanyamwezi mlio nyuma, sogeeni mbele mkione vizuri. Ni kitu kipya kwenu."

Baba alisimama katikati ya watu. "Tunakijua, bwana! Ndimo tulimomkuta babu yako amejificha tulipopita na pembe za ndovu! Mpaka leo hajatoka, anauliza kama tumekwisha pita!"

Uwanja ulilipuka. Mkalimani alingoja watulie, uso wake mkavu kama kawaida. "Alikuwa hajajificha," alisema. "Alikuwa anawangoja mje mlipe ushuru wa harufu mliyotuachia."

Baba alirudi nyumbani usiku ule akiwa amejishika tumbo, akimrudia mama kila neno, na mama akimwambia, "Nilikuwepo, mume wangu, nilikuwepo."

Kisha, wakati nikiwa bwenini Kisarawe, kitu kikatokea. Niliporudi likizo, baba hakuwa akienda tena sinema. Filamu ya punda ilikuwa imeshaanza kuzunguka, na mimi, nikiwa na hamu kubwa ya kuiona kwa mara nyingine, nilimsihi twende pamoja Visiga.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nimechoka."

Siku chache baadaye tulikutana na Mkalimani barabarani. Alikuwa anasukuma baiskeli. Nilijiandaa kusikia tusi zuri. Baba akavua kofia.

"Habari za kazi, bwana," alisema. "Nyumbani hawajambo? Nisalimie mama watoto."

"Hawajambo," alijibu Mkalimani. "Ahsante."

Wakapishana. Nilifikiri wamegombana, lakini watu waliogombana hawasalimiani hivyo. Kwa miaka iliyofuata, kila walipokutana, baba alimpa heshima ileile, kamili, isiyo na doa. Nilipomuuliza, alisema kwamba watu wazima huacha mambo ya kitoto. Jibu hilo liliniridhisha kwa sababu nilikuwa naanza kuwa mtu mzima na nilitaka liwe kweli.

Baba alifariki Visiga, mwaka mmoja kabla sijasafiri. Mtani ana kazi yake katika msiba. Hujilaza njiani mbele ya jeneza, hudai marehemu amekufa na deni la kuku wake, huwachekesha waliao mpaka walie vizuri zaidi. Tulimngoja Mkalimani afanye hivyo. Alifika mapema, kanzu imenyooshwa, akakaa mkekani, akanywa kahawa, akasema "Poleni sana," akashika jeneza kama wengine. Shangazi yangu mmoja, aliyetoka Tabora kwa treni, hakuvumilia.

"Mzaramo yule amekuja kuzika au kusimamia mtihani?" alisema kwa sauti. Kwamba alisema makusudi asikike, sina shaka. Mkalimani aliinamisha kichwa. Msiba wa baba yangu ukapita bila kicheko hata kimoja, jambo ambalo kwetu ni kama kuzikwa bila sanda.

Sasa nirudi kwenye kicheko cha pangoni. Chuoni kwetu ng'ambo palikuwa na chama cha wapenzi wa filamu za zamani, na wanafunzi wenzangu, watu wema, walinialika jioni moja. Shuka likawaka na Bwana Makaa akatokea na kofia yake. Siwezi kueleza furaha yangu. Nilimgusa aliyekaa kando yangu, nikamwambia namjua yule punda, alikuwa akija kwetu. Nilitabiri mti wenye tawi lililovunjika, na ukapita, na ukapita tena, na safu nzima ikafurahia utabiri wangu. Garimoshi likakaribia mahali pa pango. Kicheko kikaanza kunipanda kooni kabla ya wakati wake, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umefundishwa kucheka hapo.

Hapakuwa na pango. Palikuwa na watu. Walichorwa weusi kama masizi, midomo kama sahani, mifupa imechomekwa kwenye nywele, wanacheza kuzunguka sufuria kubwa ambamo punda ametumbukizwa. Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, kicheko changu kilikuwa kimeshatoka, na nilikisikia mwenyewe katikati ya vyao, kikubwa kuliko vyao. Punda aliruka kutoka sufuriani akakimbia kichwa wazi. Kofia yake ilibaki ikielea kwenye mchuzi.

Ndipo wakanikumbuka. Vicheko vilizimika kimoja kimoja, safu hadi safu, na yule wa kando yangu akaninong'oneza, "Samahani. Ni ya zamani tu." Tangu jioni ile walinitendea kwa adabu isiyo na kifani. Walinifungulia milango. Hakuna aliyenitania tena kuhusu mwandiko wangu wala koti langu. Nilijaribu kuendelea na tasnifu, na kila nilipoandika sentensi niliuliza ni nani anayeicheka. Mwishowe nikarudi nyumbani, na watu wakadhani ni baridi iliyonishinda.

Nilikwenda kumwona Mkalimani Kisarawe alasiri ya manyunyu. Nilikuwa nimejenga nadharia njiani, kama ilivyo desturi yangu: kwamba alikuwa shujaa wa kimyakimya, kwamba alitukinga na picha ile kwa kuona mbali, na kwamba nilikuwa na wajibu wa kumshukuru. Nilimkuta barazani, amezeeka kuliko umri wake, anabangua korosho zilizochomwa, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Gari la sinema lilikuwa na mkalimani mwingine sasa. Koo lilikuwa limemwisha. Alizungumza kwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba." Aliniangalia kwa makini, kisha macho yake yakashuka. "Hata wewe," alisema.

Sikuelewa. Mkewe alipaza sauti kutoka ndani, "Si mtoto wa nyapara huyo? Mtani wako amekuja, mume wangu!"

Alinisogezea sahani ya korosho. Nilimweleza kila kitu: ukumbi, sufuria, kofia kwenye mchuzi. Nikamwambia kwamba sasa nimejua kwa nini alisimama mbele ya taa, na kwamba namshukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kubangua.

"Mara ya kwanza sikusimama," alisema.

Mara ya kwanza, alinieleza, ilikuwa shambani kwa baba. Filamu ilikuwa ngeni huku kwetu, hakuna aliyekuwa ameiona, hata yeye. Vibarua walijaa uwanjani, karibu wote Wanyamwezi, watani wake, na baba mbele yao. Alimpa punda sauti, akalipa garimoshi sauti, akaupa mwezi sauti. Kisha wale watu wa sufuria wakatokea ghafla, na yeye alikuwa na kipaza sauti mkononi na umati unangoja.

"Nikawapa sauti ya baba yako," alisema. "Kinyamwezi chake kile cha kuvutavuta. Nikasema, haya, nyapara amepata kitoweo. Nini kingine? Walikuwa watani wangu pale. Niliwatazama wao tu. Sikuitazama picha."

"Wakakasirika?"

"Wakacheka! Baba yako alicheka kuliko wote. Alisimama akanijibu, akasema punda wamemrudisha, ana nyama ngumu, wanamtaka Mkalimani, amenona kwa kula bure. Ilikuwa nzuri. Bwana, ilikuwa nzuri sana."

Alitafuta pumzi.

"Mzungu mwenye shamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Hakuwa na habari na sisi. Akamuuliza karani wake watu wanacheka nini. Karani akamfasiria. Na yeye akacheka."

Asubuhi iliyofuata, vibarua walipopangwa kuitwa majina, mzungu yule alikuja na sufuria na kijiti. Alimwita nyapara mbele, akaigonga, akaiga midomo ya wale wa kwenye filamu. Alifanya hivyo kesho yake pia. Alifanya hivyo mpaka ikawa ndiyo kengele ya kazi. Baba alisimama mbele ya watu wake kila asubuhi, akagongewa sufuria, kisha akawaongoza kwenda kukata mkonge.

"Sisi tulikuwa wawili," alisema Mkalimani. "Utani una watu wawili. Mimi ndiye niliyemfungulia wa tatu mlango. Nilikwenda kwa baba yako kumwomba radhi. Laiti angenitukana. Akanikaribisha kiti. Akamwita mama yako aniletee chai. Tangu siku ile akaniheshimu."

Neno hilo la mwisho alilitamka kama wengine wanavyotamka jina la ugonjwa.

"Ndiyo ukaanza kusimama mbele ya taa."

"Wale watu nilijaribu kuwatafutia sauti nyingine. Kila siku njiani, kwenye baiskeli, natafuta. Sikuipata. Nikaona bora pango. Bwana mkubwa wa magari ya sinema akanionya mara kadhaa, nikamwambia nafukuza wadudu kwenye mwanga." Aliangalia vidole vyake vyeusi. "Siku ya mazishi nilikuja na maneno yangu. Nilikuwa na la kuku, na la babu, yote tayari. Nikaona jeneza, nikaogopa. Nikasema huyu atanijibu nini? Mtu akishakuheshimu, utamtaniaje?"

Mvua ilizidi kidogo juu ya makuti. Nadharia yangu ilikuwa imekufa, na sikuisikitikia. Nilijua kwamba ilinipasa kusema kitu, na nilipima kila kilichowezekana. Ningeweza kumwambia kwamba amesamehewa, lakini sikuwa baba. Ningeweza kumwambia kwamba kosa lilikuwa la aliyechora na la aliyegonga, na hilo lilikuwa kweli, lakini alikuwa ameshaambiwa na nafsi yake mara nyingi na halikumfaa. Ningeweza kushukuru tena. Kila sentensi ilikuwa sahihi. Kila moja ilikuwa na adabu, kama ile shikamoo yangu. Nilizisikia zote kwa sauti ya wale waliokuwa wakinifungulia milango.

Nikachukua korosho nyingine sahanini, bila kuomba.

"Nimepita kule nyuma sasa hivi," nilisema. "Babu yako bado yumo chooni. Ananiuliza kama Wanyamwezi wamekwisha pita."

Mkono wake ulisimama juu ya ganda. Hakunitazama. Mabega yalipanda, yakashuka, na nilidhani ni kikohozi, na nadhani kweli kilianza kama kikohozi. Kisha kutoka katika koo lile lililokwisha, kwa shida, ikatoka sauti ya puani, yenye kiburi na malalamiko, ambayo sikuwa nimeisikia tangu niliposoma bwenini.

"Mwambie asitoke," alisema Bwana Makaa. "Mmoja amebaki. Yuko barazani, anamaliza korosho zangu."

Ndani ya nyumba ungo uliacha kupeta. Mkewe alitokeza kichwa mlangoni, akatazama huku na huku, kuona ni mgeni gani mwingine aliyeingia.